Louis Rwagasore: Mwana wa mfalme aliyeshinda vita vya maneno, akaangushwa na risasi

Wakazi wa Cyanzarwe, katika wilaya ya Rubavu, husikia kampeni za nchi mbili. Upande huu wa mpaka ni kampeni za Rwanda. Upande wa pili, kutoka Goma, huvuma kampeni za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Desemba mwaka 2023, Wakongomani walipomchagua rais, masikio ya Rubavu yalinasa mengi. Uraia wa mgombea mmoja ulipingwa hadi mahakamani, wapinzani wakaitwa mawakala wa wageni, na jina la nchi jirani likatajwa majukwaani kama silaha ya kutafutia kura.

Silaha hiyo si mpya katika Maziwa Makuu. Miaka zaidi ya 60 iliyopita, kijana mmoja aliyesoma hapa Rwanda aliitwa mkomunisti, mfujaji wa mali na mtoto wa ikulu mwenye uchu wa madaraka. Alishinda uchaguzi huo kwa kishindo. Siku 15 baada ya kushika uwaziri mkuu, alipigwa risasi akiwa mezani. Jina lake ni Louis Rwagasore, na miongoni mwa watu wa kwanza kusimama naye walikuwamo Waswahili.

Mtoto wa Gitega, mwanafunzi wa Astrida

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, mfalme wa Burundi, na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Wakati huo Burundi na Rwanda zilitawaliwa na Ubelgiji kama eneo moja lililojulikana kwa jina la Ruanda-Urundi. Makao makuu yake yalikuwa Usumbura, mji ambao leo huitwa Bujumbura.

Kama watoto wengi wa wakubwa wa zama hizo, alipelekwa katika shule ya Astrida, mji ambao baada ya uhuru uliitwa Butare na sasa ni Huye. Shule hiyo iliendeshwa na mabruda Wakatoliki, na humo vijana wa Rwanda na wa Burundi walikaa darasa moja wakiandaliwa kuwa makarani na machifu wa kesho. Baadaye alikwenda Antwerp, Ubelgiji, kusomea masuala ya utawala wa makoloni.

Aliporejea nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, njia iliyotarajiwa ilikuwa wazi mbele yake: kupewa utemi, kukusanya kodi, kuwatii wakubwa na kungoja. Kweli mwaka 1959 alipewa kuongoza eneo la Butanyerera, huko kaskazini. Lakini kufikia wakati huo moyo wake ulikuwa umekwishahamia kwingine.

Ushirika na Waswahili wa Buyenzi

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Kusudi lilikuwa kuwapa Waafrika nafasi ya kununua na kuuza bila kutegemea maduka ya Wazungu na Waasia, ambao ndio walioshika biashara ya jumla. Wengi wa walioitikia wito huo hawakuwa wakulima wa milimani wala watu wa ikulu. Walikuwa wachuuzi na wenye maduka madogo wa Usumbura, hasa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi.

Msikilizaji wa Biryogo mjini Kigali ataielewa vyema hali ya Buyenzi ya siku hizo. Ulikuwa mtaa wa watu wa asili nyingi, wengi wao Waislamu, waliounganishwa na Kiswahili na biashara. Utawala wa kikoloni uliwaweka kando na mamlaka ya machifu, ukawahesabu kuwa watu wasio na mizizi katika mila za nchi. Walilipa kodi, walijenga mji, lakini katika mabaraza yaliyoamua mambo ya nchi sauti yao ilikuwa ndogo. Mwana wa mfalme kuketi nao kama wabia lilikuwa jambo geni, na hawakulisahau.

Ushirika haukudumu. Madeni yaliongezeka, hesabu zikavurugika, na utawala ukadai kwamba fedha zilisimamiwa vibaya. Wafuasi wa Rwagasore waliona kwamba Wabelgiji hawakutaka kabisa mradi huo usimame. Vyovyote iwavyo, mambo mawili yalibaki. Rwagasore alibaki na mtandao wa watu mjini waliomwamini, na wapinzani wake wakabaki na hoja ya kumshambulia nayo miaka iliyofuata.

Vyama viwili, koo mbili

Chama cha UPRONA, yaani Umoja na Maendeleo ya Taifa, kilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusajiliwa rasmi mwezi Januari mwaka 1960. Rwagasore hakuwa peke yake katika kukiasisi, lakini punde ndiye aliyekuwa uso na sauti yake. Chama kilidai uhuru wa haraka, kikatetea ufalme unaofungwa na katiba, na kikawakaribisha Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili chini ya mwavuli mmoja.

Mpinzani mkuu alikuwa Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, kilichofahamika kwa kifupi chake cha Kifaransa, PDC. Viongozi wake waliotajika zaidi walikuwa Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, wana wa Pierre Baranyanka, chifu aliyependwa mno na Wabelgiji. PDC ilisema nchi ijengwe kwanza, watu waelimishwe, na uhuru uje kwa utaratibu.

Nyuma ya hoja hizo ulikuwapo uhasama wa zamani wa ukoo wa kifalme. Rwagasore alitoka katika tawi la Wabezi, kizazi cha Mwami Mwezi Gisabo. Familia ya Baranyanka ilitoka katika tawi la Wabatare, lililokuwa likishindana na Wabezi kwa muda mrefu. Kwa hiyo kampeni iliyoonekana kuwa ya vyama vya kisasa ilikuwa pia ugomvi wa nyumba moja, na ugomvi wa ndugu, kama wajuavyo wazee, ndio mgumu kuliko yote kusuluhisha.

Mashambulizi matatu

Ukiyapanga mashambulizi aliyotupiwa Rwagasore kati ya mwaka 1960 na 1961, utaona yalikuwa ya aina tatu, na kila moja lilikuwa na matokeo yake.

La kwanza lilihusu ushirika. Wapinzani walisema mtu aliyeshindwa kuendesha duka hawezi kuendesha nchi. Hili lilikuwa shambulio linaloweza kupimwa: ushirika ulikuwapo, madeni yalikuwapo, na mpiga kura angeweza kuuliza nini kilitokea. Lilimuuma, kwa sababu lilikuwa na chembe ya ukweli. Hata hivyo halikumwangusha. Wale waliopoteza fedha zao katika ushirika huo, wachuuzi wenyewe, ndio walioendelea kumuunga mkono.

La pili lilihusu damu yake. Kama mwana wa Mwami, ilisemwa, Rwagasore anatafuta kiti cha baba yake kwa mlango wa nyuma. Utawala wa kikoloni ulilifanya hoja hili kuwa kanuni. Katika mazungumzo ya Brussels ya mwezi Agosti mwaka 1960 ulipitishwa uamuzi wa kuwaweka jamaa wa karibu wa Mwami nje ya shughuli za kisiasa. Nia ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwani hakukuwa na jamaa mwingine wa Mwami aliyewasumbua kiasi hicho. Lakini shambulio hili lilimrudia aliyelirusha. Milimani Mwami aliheshimiwa mno, na kumshambulia mwanawe kwa sababu tu ni mwanawe kulionekana kama kumtukana mfalme mwenyewe. UPRONA ilijua kuitumia heshima hiyo, ikahubiri kwamba kuipigia kura ni kumlinda Mwami.

La tatu ndilo lililokuwa la hatari kupita yote. Rwagasore aliitwa mkomunisti na mfuasi wa Patrice Lumumba. Kwa msikilizaji wa leo jina la Lumumba ni la heshima. Mwaka 1960, katika ofisi za Usumbura, jina hilo lilimaanisha moto. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, na katika wiki chache jeshi likaasi na Wazungu wakakimbia kwa maelfu, wengine wakivukia Goma na Bukavu kuingia Ruanda-Urundi. Katika hali hiyo, kumwita mtu Lumumba wa Burundi hakukuhitaji ushahidi, kwa sababu picha za magari ya wakimbizi zilitosha.

Rwagasore alikuwa na mawasiliano na Lumumba, na alikuwa na urafiki na viongozi wa TANU wa Tanganyika, akiwamo Julius Nyerere. Lakini programu yake ilikuwa ya mzalendo anayetetea ufalme wa kikatiba na ushirika wa wachuuzi, na kuiita ukomunisti kulihitaji mawazo mapana sana. Hapo ndipo ulipo ugumu wa shambulio la aina hii. Madeni yanaweza kuhesabiwa na nasaba inaweza kutajwa. Lebo haina kipimo. Mwenye kuivishwa hawezi kuivua kwa hoja, na mwenye kuivisha hadaiwi uthibitisho.

Kifungo kilichogeuka jukwaa

Rwagasore naye hakukaa kimya. Mwaka 1960 aliwahimiza watu wasusie maduka ya wageni na wakatae kulipa kodi. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo utawala ulimweka katika kifungo cha nje, akizuiwa kutoka mahali alipopangiwa. Kifungo hicho kilidumu hadi Desemba, na katika kipindi hichohicho ndipo uchaguzi wa mabaraza ya komuni ulipofanyika.

Matokeo yalikuwa kama wapangaji walivyotaka. Kati ya viti 2,876, PDC ilipata 942 na UPRONA 545. Ntidendereza na wenzake waliingia katika serikali ya mpito, na ilionekana kana kwamba hadithi ya mwana wa mfalme imefika ukingoni.

Haikuwa hivyo. Kifungo kilimpa Rwagasore kile ambacho hotuba mia zisingempa. Kabla yake angeweza kusemwa kuwa mtoto wa anasa. Baada yake alikuwa mtu aliyefungwa na Wabelgiji kwa kudai uhuru. Na PDC, iliyoshinda huku mshindani wake amefungiwa, ilibeba tuhuma ambayo haikuweza kuitua: kwamba ni chama cha wakoloni.

UPRONA iliishika tuhuma hiyo kwa mikono miwili. Ni haki kusema hapa kwamba chama cha Rwagasore nacho kilikuwa na ulimi mkali. Viongozi wa PDC walichorwa kuwa vibaraka waliouza nchi, ingawa baadhi yao waliamini kwa dhati kwamba uhuru wa haraka ungeleta maafa kama ya Kongo. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Lakini katika kampeni, anayesema ngoja ana kazi nzito kuliko anayesema sasa, na PDC ilikosa maneno ya kuwafafanulia watu tofauti kati ya subira na utumwa.

Wiki moja, nchi mbili

Umoja wa Mataifa, uliokuwa mdhamini wa Ruanda-Urundi, ulitaka uchaguzi mpya chini ya macho yake. Tume yake iliongozwa na Max Dorsinville wa Haiti. Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walipiga kura, wanaume kwa wanawake. UPRONA ilipata takriban asilimia 80 ya kura, na viti 58 kati ya 64. Vyama vilivyoungana dhidi yake viliambulia viti 6.

Wiki moja baadaye, tarehe 25 Septemba, ikawa zamu ya Rwanda. Chama cha Parmehutu kilipata viti 35 kati ya 44, na katika kura ya maoni iliyoitwa Kamarampaka ufalme ukakataliwa. Mdhamini alikuwa mmoja, Umoja wa Mataifa, na mkoloni mmoja, Ubelgiji. Tofauti kubwa ilikuwa katika maneno ya jukwaani. Nchini Rwanda, chama kilichoshinda kilijenga kampeni yake juu ya kabila, wakati ambapo maelfu ya Watutsi walikuwa wamekwishachomewa nyumba na kukimbilia nchi jirani tangu Novemba 1959. Nchini Burundi, mwaka ule, mtu alitukanwa kwa siasa yake, kwa ukoo wake na kwa madeni yake, lakini chama kilichoshinda kilikuwa kimekataa kuwagawa wapiga kura kwa kabila.

Baada ya ushindi, Rwagasore aliwahutubia wananchi kwa namna iliyowashangaza wengi. Hakuusifu ushindi wa chama. Alisema ulioshinda ni utulivu na nidhamu ya watu wote, akawataka wafuasi wake wasilipize kisasi, na akawaomba wananchi waipime serikali yake kwa matendo. Mwishoni mwa Septemba alishika uwaziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Usiku wa Oktoba 13

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore alikuwa akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, mjini Usumbura. Risasi moja kutoka gizani ilitosha. Aliyeifyatua alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, aliyekamatwa muda si mrefu. Uchunguzi uliwafikia viongozi wa PDC.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ilisikilizwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu 5, wakiwamo Ntidendereza na Biroli, walinyongwa hadharani mjini Gitega. Kuhusu sehemu ya maofisa wa Ubelgiji katika njama hiyo, mjadala haujafungwa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu rasmi Ubelgiji, na waandishi wa Ubelgiji wenyewe wameandika vitabu juu ya suala hilo.

Hakuna mahakama inayoweza kuthibitisha kwamba vipeperushi ndivyo vilivyojaza bunduki. Lakini mfuatano wa mambo unaonekana. Kwa zaidi ya mwaka mzima, Rwagasore alielezwa kuwa hatari isiyovumilika: mtu ambaye akishinda, nchi itateketea kama Kongo. Mshindani aliyeelezwa hivyo akishindwa, hofu hutulia. Akishinda kwa viti 58 kati ya 64, wale walioiamini hofu hiyo hujiona wamebakiwa na njia mbili tu, kukubali kuangamia au kumwondoa. Waliyoyasema majukwaani yaliwafunga wao wenyewe.

Na wauaji wake walipoteza kila kitu. Familia ya Baranyanka ilipoteza wana wawili. PDC ilizimika. UPRONA, bila mtu wa kuyashika makundi yake, ilianza kupasuka, na mpasuko ukafuata mstari wa kabila ambao Rwagasore alikuwa ameukwepa. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe naye aliuawa kwa risasi. Yaliyofuata Burundi mwaka 1972 na mwaka 1993 yanajulikana kwa kila familia ya ukanda huu, kwa maana wakimbizi wake walipokelewa hadi Rwanda.

Alichokiacha

Kaburi la Rwagasore liko kwenye kilima cha Vugizo, juu ya jiji la Bujumbura, na kila mwaka tarehe 13 Oktoba Burundi hupumzika kazi kumkumbuka. Kutoka pale mtu anaweza kuutazama mji wote hadi ziwani, na mtaa wa Buyenzi umo ndani yake, bado ukizungumza Kiswahili.

Rwagasore hakuwa mtu asiye na dosari. Ushirika wake ulianguka mikononi mwake, chama chake kilitumia maneno makali, na jina la baba yake lilimfungulia milango iliyofungwa kwa wengine. Lakini katika siasa aliwahesabu kuwa raia watu ambao dola ya kikoloni iliwaona kama wapita njia. Kwa jamii za Waswahili za Maziwa Makuu, kumbukumbu hiyo ina uzito wake, hasa hapa Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017 na ambako Katiba inakataza vyama vya siasa kujengwa juu ya kabila, eneo au dini.

Msimu wa kampeni huja na kupita, Bujumbura, Goma na Kigali. Mwenye redio huko Cyanzarwe atasikia tena mgombea akishtakiwa kwa madeni, kwa nasaba au kwa jina baya lisilo na kipimo. Madeni yaulizwe, kwa sababu yana majibu. Nasaba ielezwe, kwa sababu haifichiki. Lakini lisilo na kipimo, ambalo humgeuza mshindani kuwa maafa, ndilo lililotangulia mezani pa Hoteli Tanganyika kabla ya risasi kufika.